Asante Niliyoitundika Ukutani

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nilisema hivyo kila asubuhi nikifungua karakana yangu ya simu hapa Kisangani. Shule niliiacha darasa la sita, na bado waliomaliza chuo kikuu waliniletea simu zao zilizokufa.

Vita ya Mashariki ilipofunga barabara ya Goma, vipuri vikakauka. Mikono ikiwa mitupu, nikaanza kusoma mwongozo wa programu moja ya bure, ule ambao watu wa dunia nzima huuandika pamoja bila malipo, na yeyote akiona kosa anaruhusiwa kulirekebisha. Kiswahili chake kilijaa herufi zilizorukwa. Nikanyoosha ukurasa mmoja, halafu mwingine. Siku moja wenye mwongozo wakaniandikia: asante, masahihisho yako tumeyapokea.

Ile asante niliichapisha kwa rangi, nikaitundika ukutani. Mteja akiuliza, namjibu, "Wazungu wananitegemea." Siongezi neno.

Habari ya namna hiyo haikai karakanani. Ilipanda mtumbwi hadi Isangi, kwa baba wa mke wangu, mvuvi, ambaye nilikuwa sijamaliza kumtolea mahari. Akaja na samaki wa moshi, akasimama mbele ya ukuta, kofia mkononi.

"Bokilo, mukwe wangu," akasema, "kumbe wazungu walikukamata ku kazi yao."

"Ndiyo, papa."

"Na banakulipaka?"

Mke wangu alikuwa mlangoni, naye alijua yote. Jibu lilikuwa jepesi: hapana, papa, ni kazi ya bure, nanyoosha herufi tu.

"Mwisho wa mwezi," nikasema.

Mzee akacheka kwa furaha ya kweli. "Bon. Mimi sikukusumbua, nilijua vita imekukausha. Sasa uko mutu mukubwa, donc tumalize ile mambo ya mbuzi za mahari."

Mke wangu akachukua samaki, akaenda jikoni. Tulipokuwa wawili akaniambia, "Ungemwambia tu. Papa angecheka, angekula, angerudi kwake."

Karatasi niliitoa, msumari bado uko. Nikauza jenereta, na mashine ya hewa ya moto ya kubandulia vipuri vya simu, iliyokuwa ikinilisha. Mzee alipokea pesa za mbuzi kwa mikono miwili, akamwomba Mungu wazungu wangu wasinichoke.

Dola mia tatu arobaini na tano.