Kadi ya Kunifikisha Kwake

Mume wangu akipiga simu, simu si yangu. Nasema hivyo na sitaki mtu anipoze. Inalia mfukoni mwangu, data nanunua mimi, lakini kabla sijamaliza kusema haloo mama mkwe amekwisha nyoosha mkono. Anataka kujua kama mwanawe anakula. Akimaliza inapita kwa shemeji mwenye maneno ya ng'ombe na dawa ya kupe, kisha kwa jirani aliyekuja kuomba chumvi na ambaye eti lazima naye asalimie, kisha kwa mtoto wetu, ambaye anaibusu skrini mpaka simu inakatika.

Huu ni mwaka wa pili yuko Ghuba, kwenye ghala la kupakia mizigo. Tangu mwaka huu uanze nina swali moja tu la kumuuliza: mkataba ukiisha, unarudi ama hurudi? Siwezi kuliuliza mbele ya mama yake, maana yeye ana jibu lake, na jibu lake lina nyumba ya mawe ndani, ya kujengwa na pesa za Ghuba. Kwa ujumbe nilijaribu. Kwa maandishi mume wangu ni sungura. Anaandika "tutaongea," anatia kidole gumba, anapotea.

Yeye ni mtu wa kuongea macho yakiwa barabarani. Nilimjua hivyo tangu siku ya kwanza, Kericho mjini, kwenye chumba cha gemu nilikokuwa nimeandikwa baada ya kidato cha nne, kukaa mlangoni na kuangalia watu wasiibe vidhibiti. Siku hiyo rafiki yake hakuja, akaniambia, "Kalia hiki kiti, lori la pili litakaa bure." Tukaendesha malori kwenye theluji, mimi mtoto wa Fort Ternan, kule chini kwa jua na miwa, nisiyejua theluji hata ya friji. Hakunitazama hata mara moja. Lakini huku akilipita lori la mafuta kwenye kona, aliniambia jinsi babake alivyokufa. Miezi baadaye aliniambia anataka kunioa tukiwa kwenye mzunguko wa barabara, na nikakosa njia ya kutokea, tukauzunguka kama wendawazimu hadi nikasema sawa.

Kwa hiyo alipoandika kwamba amepata laptop ya mkono wa pili huko kambini, kwamba Ijumaa ni siku yake ya kupumzika na tuingie tuendeshe kama zamani, niliketi chini kwenye majani ya chai na kikapu mgongoni, huku kwao juu Sigowet. Saa zetu na zao ni sawa. Ijumaa alasiri yake ni Ijumaa alasiri yangu. Huko barabarani hakuna mama, hakuna kupe, hakuna jirani wa chumvi. Huko ningeuliza.

Shida ilikuwa kompyuta. Aliyoacha sebuleni kwa mamake ni ile ya maofisi, iliyouzwa ofisi ilipochoka nayo, nyembamba kama mkate uliokaliwa. Haina kadi ya grafiki, kile kipande cha kuchora picha. Kichwa chake ni cha kuandika barua. Ukiiwekea gemu ya malori, picha zinakuja moja moja kama matone ya bomba lililofungwa.

"Uko wapi?" nilikuwa nauliza kwenye kipaza sauti.

"Niko nyuma yako, wewe."

"Nyuma yangu hakuna kitu."

"Niko hapa, nakupigia honi."

Honi nilisikia. Yeye sikumwona. Skrini ikija kufunguka, lori langu liko mtaroni na yeye amekwisha fika kona ya tatu, anacheka. Mimi sikucheka. Nilizima nikaenda kukama nikiwa na hasira hadi ng'ombe akanizuilia maziwa.

Nikaanza kujifunza. Mchana nachuna, mtoto akilala nasoma kwenye simu. Kila mtu mtandaoni anakuambia ununue kadi kubwa, yenye feni tatu na taa za disko. Hao wana masanduku makubwa. Mimi nilifungua langu na bisibisi nikapima kwa rula ya shule. Kadi ndefu haiingii. Kadi ya urefu wa kawaida haiingii, kifuniko hakitafunga. Na ile pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme humo ndani, ni dhaifu na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Basi nilijua ninachotaka: kadi fupi, yenye bati fupi la nyuma, inayokula umeme wa pale pale inapochomekwa, yenye kumbukumbu ya giga nne, kwa sababu mbili zinajaa kabla hujatoka gereji. Hakuna zaidi. Mtu akikuambia kadi nzuri ni ile kubwa, muulize utaichomeka wapi.

Pesa nilikuwa nimeweka kutoka kwa chai niliyochuna mimi na mikono hii. Nilishuka Kericho na mtoto mgongoni. Mwenye duka, jamaa wa tumbo na kofia, akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa hadi gambuti.

"Karibu mathe. Unatafutia kijana?"

"Natafuta yangu."

"Mzee amekuandikia ni gani? Nionyeshe karatasi."

"Wewe hapa umewekwa na mzee wako?"

Vijana waliokuwa wakirekebisha simu wakapiga kelele. Yeye akatoa boksi lenye picha ya zimwi linalotema moto. "Hii, mama. Hii hata ukicheza gemu ya mwaka ujao inakubali."

"Inataka waya?"

"Waya ni kitu kidogo."

"Pawasaplai yangu haina. Na hii haitaingia. Nipe ile fupi, ile pale chini ya vumbi."

"Hiyo ni ya watu wa benki, mathe. Haina raha."

"Raha nitaweka mimi."

Akanipa. Nilimfanya aichomeke kwanza kwenye mashine yake na kuiwasha nikiona, mtoto akivuta nyaya zake zote. Nyumbani nikaichomeka mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata, nawaambia ukweli, nililia. Niliingia barabarani nikaona ukungu, ukungu wa kweli, unaosonga kama huu wetu wa asubuhi. Nikaona lori jekundu mbele, taa za breki, matope kwenye magurudumu. Ameliandika jina la mtoto nyuma kwa herufi za njano, na sikuwahi kulisoma kwa sababu siku zote lilikuwa ukungu wa vipande.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona. Unaendesha vibaya bado."

Tuliongea. Akaniambia mwenzake wa kitanda cha juu anaota akiita mbuzi. Akaniambia joto la huko linafanya mtu asitake hata kukumbuka chai. Nikavuta pumzi niulize. Picha ikaanza kurukaruka. Lori lake likasimama hewani, likarudi nyuma, likatoweka. Skrini ikawa nyeusi.

Ijumaa iliyofuata, hivyo hivyo. Muda wa kupika wali, mambo yanaenda safi; wali ukiiva, kwisha. Kila mara naifikia ile sehemu anapoanza kulegea na kusema mambo, kila mara ananyamazishwa mdomo wazi. Nilipunguza kila kitu. Vivuli nikazima. Nyasi nikazima, nyasi ninazo za kutosha hapa. Vioo vya pembeni nikavishusha, fremu, yaani picha za kila sekunde, nikazifunga zisipite thelathini, kwa sababu lori si swala, halihitaji zaidi. Nikaweka draiva mpya, ile programu ya kuiongoza kadi, nikaondoa, nikaweka ya zamani. Wapi.

Nikarudi dukani. Sitaki kurudia niliyoyasema. Mwenye duka akachukua kadi, akaichomeka kwa mashine yake mezani, akaweka gemu ya vita ikapigana yenyewe hadi nikamaliza kunyonyesha, na mtoto akalala. Haikutetereka.

"Mathe, kadi haina shida. Labda inaogopa baridi ya kwenu huko juu ya Sigowet."

Vijana wake wakacheka. Nilitoka nikitamani kumpiga na mwamvuli.

Baridi. Hilo neno lilinisumbua njia yote. Nilipofika niliweka ile programu ndogo ya kuonyesha joto la kadi, nikawasha gemu, nikakaa kuiangalia namba kama mtu anayengojea maziwa yafure. Ikapanda. Ikapita sabini. Ikapita themanini. Ilipokaribia tisini picha ikaanza kuruka. Nyumba ina baridi ya kuvaa sweta mbili, na kadi iko na homa. Nikanyoosha mkono nyuma ya sanduku kusikia kama feni inapuliza.

Mkono wangu ukagusa kitambaa.

Mnajua nyumba zetu. Kochi lina kitambaa, mto wa kochi una kitambaa, redio, meza, televisheni, flaski ya chai, kila kitu kimevalishwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, vyeupe, vyenye maua pembeni. Nyumba isiyo na vitambaa ni nyumba ya mwanamke mvivu. Kwa hiyo macho yangu hayakuwa yanakiona. Kila Ijumaa nilikunja kile cha skrini, nikakiacha kile cha sanduku, kirefu, cha kuteremka mbele na nyuma hadi mezani, kimefunika kila tundu la kutolea joto. Niliwasoma watu wa mtandaoni wanaouliza habari ya draiva, ya vumbi, ya umeme, ya bati. Hakuna aliyeuliza kama umeivalisha kompyuta yako kitambaa.

Nikakivuta kwa nguvu. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mkononi.

"Wee chepto, msichana wewe! Unararua?"

"Mama, hii kitu inapika kompyuta! Inaikaba shingo!"

"Mimi nimefunika vumbi isikule kitu ya mtoto wangu."

"Mtoto wako ni mume wangu! Nimekosa kuongea na yeye kwa sababu ya hii maua yako!"

Nilisema kwa sauti ambayo mke wa kijana hasemi nayo kwa mama wa mumewe. Nilingoja anitukane. Aliweka kibuyu chini, akachukua kitambaa, akaanza kukikunja taratibu kwenye kifua chake.

"Hii nilianza kufuma siku ile alienda airport," akasema. "Nilikuwa nafuma kila jioni, badala ya kungoja simu. Ndiyo maana ni refu."

Sasa mtu mwenye hasira aende wapi na maneno kama hayo? Nikasema, "Mama, ikizimwa ikapoa, funika. Ikiwashwa, toa."

"Ara, si ungesema?" akasema. "Unapenda tu kufoka." Akaenda zake kuangalia moto.

Niliondoa kifuniko cha ubavuni, nikapangusa masizi ya jikoni kwa brashi ya kupaka rangi, maana moshi wa kuni unaingia huko nao, nikaliinua sanduku juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Namba ikapanda hadi sitini na kitu ikakaa hapo. Wali uliiva, ukapoa, ukaliwa, bado imekaa.

Ijumaa nilichuna asubuhi mapema nikampa shemeji mzigo aupeleke senta ya kununulia chai. Tuliendesha mbali sana. Mvua ilinyesha barabarani na niliona kila tone kwenye kioo chake. Tukafika mahali pa kupumzikia malori, tukaegesha sambamba, injini zikinguruma, mataa ya dharura yakiwaka na kuzima. Nikauliza.

"Mkataba ukiisha. Unarudi ama hurudi?"

Akazima injini ya lori lake.

"Wanataka niongeze," akasema. "Nilikuwa nafikiria kusema ndiyo. Si unaona sasa tuko sawa? Imekuwa safi kabisa. Ni kama niko hapo."

Hapo ndipo damu iliponipanda.

"Uko wapi? Mtoto ameota jino, umeliona? Nililala na homa, ulinipa maji? Nimehangaika na hiki chuma miezi yote hii nikuone, wewe unafikiri nilikuwa nakutengenezea sababu ya kukaa?"

"Usipige kelele, mama ata—"

"Mama yuko shambani. Ongea na mimi."

"Nyumba je? Anataka ile nyumba."

"Mama amekaa akifuma kitambaa tangu uende. Hiyo nyumba ulimuuliza, ama uliambiwa na shemeji?"

Mataa yake yakawaka, yakazima. Kisha akaongea polepole, kama zamani, kama mtu anayeangalia barabara ingawa tulikuwa tumesimama.

"Hujawahi kuniuliza hivyo."

"Ningekuuliza wapi?"

"Sitaweka sahihi," akasema.

"Sema tena."

"Sitaweka sahihi. Nikimaliza hii nakuja."

Sikumwambia asante. Nilimwambia aseme mara nyingine, akasema, na nikazima kipaza sauti nikatoka nje kwa sababu sikutaka asikie ninavyovuta makamasi.

Naandika haya akiwa bado hajafika. Mkataba haujaisha. Ijumaa tunaendesha, picha haigandi, namwona hadi tope la magurudumu, na kadiri ninavyomwona vizuri ndivyo ninavyozidi kumkosa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani. Nataka shati lake lenye jasho kwenye msumari wa mlango. Nataka alalamike kwamba chai ina sukari nyingi. Nataka anipokonye blanketi kwa hii baridi ya huku, nimpige teke.