Mtungi Mmoja, Kila Mtu na Mrija Wake

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Muyinga, Burundi, mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Jacqueline alipoketi mbele ya kompyuta yetu akakuta kazi yake ya kumaliza masomo haipo. Kesho yake alitakiwa kuitetea mbele ya walimu wake Gitega.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, nikiwachapia watu barua katika kibanda cha Mama Furaha, mfanyabiashara wa kutoka Uvira, Kongo. Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu. Mfumo wake ulimjua mtumiaji mmoja tu: aliyeiwasha ndiye mwenye vyote, bila kuulizwa jina wala neno la siri. Mwenzangu Fidèle alikuwa amefuta mafaili ili apate nafasi.

"Mi nilizania iko yangu," alisema.

"We Fidèle," Mama Furaha akamjibu, "siku moja utafuta hata mi!"

Jacqueline alibaki na kurasa ambazo mwalimu alikuwa amezisahihisha kwa kalamu. Ilibidi zichapwe upya. Tulikuwa wanne, wote tayari, lakini kiti ni kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, na mfumo ule ulitaka kidole kimoja.

Tukapanda basi dogo hadi Gitega, shuleni kwa Jacqueline. Mtunza kompyuta, Mzee Barnabé, alikuwa na mashine moja yenye nguvu, iliyounganishwa na skrini na kibodi kadhaa. Akampa kila mmoja wetu jina na neno la siri. Tukachapa kwa wakati mmoja, kila mtu sura yake ya kazi ile. Mashine ilitugawia zamu kwa kasi hata hakuna aliyejiona anasubiri.

Fidèle akajaribu kufungua sura yangu. "Inanikatalia!"

"Ndiyo kazi yake," mzee akasema. "Kwani nyinyi wa Muyinga, impeke mnaikunywaka namna gani? Pombe ya mtama, mtungi iko moja, kila mtu na mrija yake. Anayeongeza maji ya moto ni mwenye nyumba. Hapa mwenye nyumba ni mi."

Jioni mzee aliziunganisha sura zote, akazichapisha. Jacqueline alizihesabu kurasa, akaketi sakafuni akalia. Kesho yake aliitetea kazi yake, akafaulu.

Mwanangu, usiudharau mfumo wa mtumiaji mmoja. Kwa mashine ya mtu mmoja na kazi moja, ni mwepesi na unatosha. Lakini penye mikono mingi, mapenzi peke yake hayalindi kitu: Fidèle hakuwa mwizi, alikuwa rafiki. Mpe kila mtu jina lake na mahali pake, na funguo za mashine nzima ashike mmoja mwaminifu.

Mungu akujalie wenzako wa kufanya nao kazi, akupe na mlango wako wa kufunga. Na ulichokitolea jasho, asikifute mtu.