Sindano Saba za Nasuri

Enzi zetu pale Mutsamudu, kisiwani Anjouan, mtoto hakuogopa zimwi, aliogopa nesi. Mama zetu ndio waliotufundisha. Ukikataa kulala: "Haya, nesi anakuja na sindano." Ukimwaga uji, nesi. Ukicheka watu wakisali, nesi huyohuyo, maskini, ambaye hata jina lako halijui. Tukicheza hospitali vichochoroni kwa mwiba wa mlimau, sote tuligombea unesi, maana mgonjwa alichomwa kwelikweli.

Basi mdogo wangu Nasuri akabanwa na kifua. Uhuru ulikuwa bado mbichi, Wafaransa wamekwenda zao na madaktari wao, na serikali ya mapinduzi imewakabidhi vijana kazi za wazee. Hospitali tukaletewa Zahara, msichana wa Moroni, hajatimiza hata miaka ishirini. Mama alimtazama alivyo kichwa wazi, bila ushungi, akaguna. "Wametuletea mtoto atutibie watoto."

Sindano zilikuwa saba, moja kila siku. Ya kwanza, Mama alimwambia Nasuri haiumi hata chembe, kisha akamkamata miguu, mimi mikono. Alilia mpaka sokoni wakasikia. Kesho yake akajichimbia uvunguni, anahema kwa shida, hataki maji, hataki uji, hataki kusikia sauti ya Mama. Kifua hichohicho ndicho kilichomuua kaka yetu mkubwa. Mama alikaa sakafuni akalia, nami kabla ya siku ile sikuwahi kumwona akilia.

Zahara akaja mwenyewe nyumbani. Alilala kifudifudi, akachungulia uvunguni. "Itauma," akasema. "Mama alikosea kukwambia haiumi. Lakini nitahesabu mpaka tatu, na kabla ya tatu sikuchomi."

Ukatoka mguu mmoja, halafu Nasuri mzima.

Zahara akahesabu, na alipofika tatu akaitamka kama wasemavyo kwao Ngazija: "Ndraru."

"Si ndraru," mgonjwa akamkatiza. "Ni traru."

Kwetu Anjouan ndivyo tusemavyo. Zahara akaomba radhi, akaanza upya, akakosea tena, nadhani makusudi. Mama uvumilivu ukamwishia, akamdaka Nasuri mguu. Zahara akaweka sindano chini.

"Mama, sijasema tatu."

Mama akaachia. Mara ya nne mwalimu Nasuri akaridhika na matamshi, akashusha kaptula mwenyewe. Alilia, ndiyo, ila alilia mapajani kwa Zahara. Siku ya saba alitangulia mbele kwenda hospitali, Mama nyuma na sinia la mkate wa mchele kwa ajili ya yule "mtoto".

Nyinyi vijana wa leo mna maarifa kutushinda. Juzi niliongozana na binti yangu kumpeleka mjukuu kliniki, Moroni. Binti yangu akamwekea katuni kwenye simu. "Haiumi, mpenzi." Mtoto akachomwa huku anamcheka paka wa katuni. Hakulia. Alimtazama mama yake, akamtazama tena, na njia nzima ya kurudi alikataa kushikwa mkono.