Nzi wa Bakuli la Tata

Wiki jana mkaza mwanangu alinipigia simu akicheka, eti maua yake ya sebuleni yameingiwa na nzi wadogo weusi, na sisi zamani tulikuwa tukiwafukuzaje? Nikamwambia aache udongo ukauke, basi. Sikumwambia nililijuaje hilo. Wewe nitakwambia, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Baba yangu, Tata kama tulivyomwita, alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka. Miaka ya sitini ikielekea mwisho, nikiwa na miaka kumi, ukingo wa machimbo ulimwangukia, akafa. Siku chache kabla alikuwa amemaliza bakuli jeupe, zito, lenye mshipa wa rangi ya waridi. Mama akalitia udongo, akapanda ua la majani marefu yenye milia, akaliweka mezani mahali Tata alipokuwa akiketi. Tata hakumsemesha mtu asubuhi kabla ya kunywa maji. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla hata ya kuwasha moto, mama alilimwagia ua lile kikombe kizima.

Bakuli halikuwa na tundu. Udongo ukaanza kunuka kama kinamasi, na nzi wakatokea, wadogo, wavivu wa kuruka. Walielea kwenye uji, wakatuingia puani, wakatembea juu ya ugali. Nyanya, mama yake Tata, tuliyeishi naye, aliagiza pareto, yale maua makavu ya kuulia wadudu, kutoka kwao Nyamira. Tukaichoma ndani ya nyumba mpaka machozi yakatutoka. Nzi wakaanguka mezani tele, nikawafagia. Siku nne hazikupita, wamejaa tena. Tukanyunyiza majivu juu ya udongo. Alfajiri mama akaja na kikombe chake, majivu yakawa tope.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kusali kwetu, mmoja wao akatema chai mbele ya wote. Nyanya aliona aibu vibaya sana.

“Jumapili ijayo wanarudi,” akamwambia mama. “Nikiwaona tena hawa wadudu, hilo bakuli nalitupa kwa migomba.”

Mama alikwenda kulia jikoni, nami nikamsikia.

Nikamwuliza mwalimu wetu wa kilimo. Akasema nzi hao huzaliwa katika udongo uliolowa, kwa hiyo tuuache ukauke, au tutoboe bakuli maji yapate pa kutokea. Nikamwomba mama apumzike kumwagilia, wiki mbili tu. Alinitazama kwa mshangao.

“Baba yako nimwache na kiu?”

Nikaona basi, kilichobaki ni kutoboa.

Jumamosi mama alikwenda kuuza ndizi sokoni Suneka, na nyanya alikuwa shambani. Nikang'oa ua pamoja na udongo wake, nikalipindua bakuli. Jiwe la Tabaka ni laini, hutobolewa kwa ncha ya kisu, polepole. Nilijua. Mtoto wa mchongaji nisijue? Nimemwona Tata akizungusha kisu nusu siku akipiga mluzi. Lakini jua lilikuwa linashuka, mkono umeniuma, na tundu halijafika popote. Nikachukua msumari na nyundo. Pigo la tatu likapasua bakuli pale pale kwenye ule mshipa, vipande vitatu.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipiga magoti, akaokota hata unga wa jiwe, akaufunga pamoja na vipande katika leso, na sikuviona tena. Ua nililipanda nje, likastawi vizuri tu, lakini mama hakuligeukia. Nzi waliisha kabisa. Nyanya alitaja jambo hilo mara moja tu, kwa furaha. Kuanzia hapo alfajiri mama alilala akitazama ukuta, na moto nikawa nauwasha mimi mpaka nilipoolewa.

Sasa mama na nyanya wote wawili wamekwenda. Nyumba ilibomolewa, na machimbo aliyofia Tata yamemea vichaka. Alichonga maisha yake yote, viboko, twiga, sahani, na kila kitu kikachukuliwa na wafanyabiashara kikavuka bahari. Huko kuna watu wanaopangusa vumbi kazi ya mikono yake bila kumjua. Sisi alituachia bakuli moja, na hilo nikalivunja mimi.