Chakula cha Tazamajuu

Mtaa mzima ulimwita Mama Wadudu, naye alikwisha kulizoea jina hilo hata akaliitika. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa kuinama kama mtu aliyedondosha sindano, maana macho yake yalikuwa chini muda wote: kwenye nyasi za kando ya barabara, kwenye vichuguu, chini ya majani yaliyooza. Akiona sisimizi wamejipanga njiani, alifungua kikopo chake cha plastiki na kupiga magoti palepale, hata kama kavaa nguo ya kutokea.

"Jamani, wifi yangu kaolewa na samaki!" Huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani, aliyeishi naye katika nyumba ya vyumba viwili. Cherehani ilikaa mlangoni, kwa hiyo hakuna aliyepita bila kusikia. "Mume wa kwanza alikuwa dereva. Huyu wa pili hata miguu hana!"

"Angalau huyu hakoromi," alijibu Mama Wadudu, na wote wawili wakacheka mpaka mteja aliyekuwa akipimwa kiuno akashindwa kusimama sawasawa.

Lakini kazi yenyewe haikuwa na kicheko. Alikuwa ameajiriwa kufagia na kuosha vyombo katika kituo kidogo cha utafiti wa samaki. Nyuma ya kituo kulikuwa na chumba kirefu cha matangi ya vioo, pampu za hewa zikibwabwaja mchana kutwa. Mwenye chumba hicho alikuwa mtafiti mmoja mwembamba, mpole wa sauti, waliyemwita Daktari tu. Huyo ndiye aliyemfundisha kila alichojua. Kabla ya hapo Mama Wadudu alidhani samaki wanakunywa maji, basi, wamekula.

Daktari aliwahi kumpeleka msituni, kwenye kijito ambacho alikichunguza ujana wake wote. Miti ilikuwa imefumana juu ya maji hata mchana ukawa kama jioni.

"Unaona jua halifiki hapa?" Daktari alimwambia. "Maji ya kivulini hayaoteshi kitu. Hiki kijito kinalishwa na miti."

Akamweleza. Jani likianguka linaoza, vibuu wanalila, samaki wanawala vibuu. Kuna samaki wenye mdomo ulioelekea chini, hao wanakwangua mawe. Kuna wanaokaa katikati, wakingoja mkondo uwaletee. Na kuna wadogo kuliko wote, wasiofika urefu wa kidole, mdomo umeelekea juu. Hao riziki yao ni sisimizi aliyeteleza, kiwavi aliyepeperushwa, nzi aliyelowa mabawa. Kituoni waliwaita tazamajuu. Daktari alipompasua mmoja na kumwita achungulie kwenye hadubini, Mama Wadudu aliona vichwa vya sisimizi, bawa, na mguu wa buibui.

"Tumbo hili ni msitu mtupu," Daktari alisema.

Kisha wakaja wakata mbao. Walianzia juu mlimani, wakashuka na kijito kama wanaokifuata nyumbani kwake. Maji yakaona jua, yakapata joto. Utelezi wa kijani ukafunika mawe, na mvua ya kwanza ikaleta tope jekundu juu ya utelezi. Samaki wa kukwangua wakakwangua tope. Tazamajuu wakatazama juu, na juu hapakuwa na kitu.

Daktari aliandika, akapiga simu, akakalia mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakamzoea kama ndugu. Kila alikokwenda aliambiwa suala lake linashughulikiwa. Likashughulikiwa hivyohivyo, na miti ikaanguka hivyohivyo. Mwishowe alichota tazamajuu waliosalia kwa ndoo, akawaleta kituoni. Alivizunguka vijito vyote vya msitu ule akiwatafuta wengine. Hawakuwamo.

Ndani ya tangi, chakula cha dukani kilizama na wao hawakukiinamia. Kiini cha yai kilivundisha maji. "Basi tutawaletea vinavyoanguka," Daktari akasema, na kazi ya kuvitafuta akampa mfagiaji wake. Hapo ndipo alipopata jina.

Walikula. Aliwadondoshea sisimizi mmojammoja, nao wakaruka na kudaka, maji yakilia kidogo kama mtu anayebusu. Lakini hawakuzaa. Msimu ukaja, ukapita, na hakuna yai. Wazee wakafa kwa uzee wao.

"Kuna kitu hatuwapi," Daktari alisema siku moja, paji la uso kaliegemeza kwenye kioo. "Pengine ni tunda fulani, pengine ni mdudu wa mti fulani. Mti wenyewe haupo tena, na kitu chenyewe mimi sikijui."

"Tutajaribu tena, Daktari."

"Tutajaribu," alijibu, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Mvua zilipokolea, Mama Wadudu akashikwa na mafua makali. Alilala, pua zimeziba, kichwa kinagonga, na kilichomtesa zaidi ni kile kikopo kitupu juu ya meza. Wifi yake alimwona anavyokitazama. Asubuhi alimjia kitandani na sahani iliyofunikwa. Alipoifunua, ilijaa wadudu waliovutwa na taa ya barazani: nondo, kumbikumbi, mende wadogo wa kijani.

"Wape wakwe zangu," alisema, na safari hii utani ulikuwa na aibu ndani yake. "Nimewaokota mwenyewe. Mgongo wote unaniuma. Sasa ndiyo nimeijua kazi yako, wifi."

Mama Wadudu alimshika mkono. Akajifunga khanga kichwani, akajikokota hadi kituoni, akawalisha. Walidaka kwa pupa kuliko siku zote. Alirudi kulala.

Kesho yake alikuta tazamajuu wote wanaelea ubavu. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa. Daktari alichovya kidole, akanusa.

"Wadudu wa jana walitoka wapi?"

"Barazani kwetu. Nilikuwa na mafua, Daktari, sikusikia harufu yoyote. Kuna nini?"

Daktari alichukua kisu. Alimpasua mmoja, akatazama kwa hadubini muda mrefu. "Wamekufa wameshiba," alisema, bila kumlaumu, na kutolaumiwa huko kukamwuma kuliko tusi. Kisha akavua miwani, akatoka, akaenda kusimama uani kwenye manyunyu.

Jioni wifi alimngoja mlangoni, cherehani imenyamaza.

"Enhe! Walikula?"

"Uliwakamataje wengi vile?" Mama Wadudu aliuliza polepole.

"Si walikuwa wanarukaruka! Nikawapulizia dawa ya mbu kidogo, kidogo tu, wakatulia, nikaokota. Walikula au hawakula?"

Mama Wadudu alimtazama: macho bado mekundu kwa kukesha usiku ule, uso unangoja kama wa mtoto aliyeleta kuni bila kutumwa.

"Walikula wote," alisema. "Hawakubakiza."

Chumba cha matangi kilifungwa kabla mvua hazijakatika. Daktari alihamishiwa kazi za ofisini. Walipokutana ukumbini walisalimiana kwa heshima, wakaulizana habari za nyumbani, na kila mmoja akaendelea na njia yake. Mama Wadudu alirudishiwa ufagio. Wifi alipouliza kikopo kimekwenda wapi, aliambiwa samaki wamehamishiwa kituo kingine, mbali.

"Hata kuagana?" Wifi alisikitika kweli.

Jumapili walikaa pamoja barazani wakishona vifungo vya sare za wanafunzi. Jirani akapita, akauliza habari za samaki.

"Wamehama, dada yangu," wifi alimjibu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Lakini siku moja niliwalisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Muulize wifi! Wakala mpaka mwisho!"

Jirani alicheka. Mama Wadudu alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.