Kanga waliogoma kuvuka shamba la Oom Hendrik, Johannesburg

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Juzi mdau mmoja alileta uzi wa Wamarekani wanavyowinda bata mzinga wa porini, na jinsi wanavyopungua upande huu na kujaa upande ule. Nikaona na mimi nitoe langu lililonikaa kifuani muda mrefu. Ila langu sio la bata mzinga, ni la kanga.

Kanga ndege. Sio ile ya shangazi.

Hii sio chai. Nilikuwepo kwa miguu yangu.

Miaka ile nilikuwa fundi cherehani Yeoville, mtaa wa hapo Joburg, mimi mtu wa Singida. Chumba cha kazi nilishea na Dieudonné, Mkongo wa Uvira, kinyozi. Mlokole haswa, hata utani wa uongo alikuwa hataki.

Mteja wangu mmoja alikuwa Kaburu mzee, Hendrik. Tulimwita Oom, ndivyo wao wanavyomwita mtu mzima. Alikuwa na plot magharibi mwa jiji, jirani na vilima vya mchanga vilivyoachwa na migodi ya dhahabu. Nilimtengenezea koti lake la kuwindia, akatualika. Msimu ukifunguliwa winter, yeye anashika bunduki, mimi na Dieudonné tunapita kwenye majani tukiwafukuza ndege. Nyama tunagawana.

Mara ya kwanza ilikuwa 2010, mwaka wa Kombe la Dunia. Wakuu, kanga walikuwa wengi mpaka unaona kama shamba lenyewe ndio linatembea!

Mwaka uliofuata wakapungua. Uliofuata tena, wakapungua zaidi.

Cha ajabu, mjini ndio walikuwa wanaongezeka. Unakuta kundi limepanda ukuta wa tajiri, lingine linavuka barabara kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huko, kama lina haraka ya kazini, magari yanasubiri. Oom alisema mjini hakuna bunduki na watu wanawatupia mkate. Likaniingia akilini.

Sasa 2013.

Tulifika asubuhi, ukungu mzito, majani meupe kwa baridi. Kundi tulilolikuta lilikuwa dogo. Tukaanza kulisukuma kuelekea kishamba cha mahindi yaliyokwishavunwa, punje bado zimetapakaa chini. Kwa kanga hiyo ni karamu.

Anayewajua kanga anajua tabia yao: mbio kwanza, mabawa baadaye. Wakakimbia mpaka ukingoni mwa kile kishamba.

Wakasimama.

Wote. Na zile kelele zao, zile kama bawaba yenye kutu, zikakatika mara moja.

Tukapiga makofi, tukapiga mayowe. Hakuna aliyeingia. Halafu wakageuka, wakatukimbilia sisi! Mmoja alipita katikati ya miguu yangu. Ndege wa porini kabisa, ananigusa suruali, kuliko akanyage lile shamba.

Oom naye hakufyatua. Alishusha bunduki akabaki anaangalia tu.

Dieudonné akacheka kidogo, akaingia shambani kuona kuna nini. Labda nyoka, alisema.

Hakufika mbali. Nilisikia kama mtu amekanyaga ngoma, dup, halafu nikamwona amezama mpaka kifuani, mikono imetandazwa juu ya udongo.

Oom akanizuia nisikimbilie. Akaniambia nilale kifudifudi, nitambae, yeye ananishika miguu. Nikavua koti, nikamrushia Dieudonné mkono mmoja wa koti. Akaukamata.

Nikaanza kuvuta. Yeye akaniambia, "Ngoja."

"Ngoja nini, kaka? Shika vizuri!"

"Nyamaza. Kuko batu huku chini."

Wakuu, naapa, nilisikia. Jiwe linagonga chuma. Linagonga, linapumzika, linagonga. Kutoka chini ya tumbo langu.

Tulimvuta akatoka, viatu vikabaki huko huko. Nyuma yake udongo ukaporomoka taratibu, likabaki tundu jeusi linalotoa hewa ya uvuguvugu.

Dieudonné akarudi kwa magoti akaita. Kugonga kukaacha.

Oom alisema mgodi uliopita chini ya shamba lile ulifungwa yeye akiwa kijana. Akapiga simu.

Waokoaji walikuja mchana, wakateremsha mtu wao kwa kamba. Alipopanda alisema chini kuna njia ya zamani, na mbele imefukiwa na kifusi kipya. Mtu hakumwona. Aliona mshumaa umebandikwa kwenye jiwe, akaubonyeza, nta ilikuwa bado laini.

Walirudi siku kadhaa. Kisha wakasema ni hatari kuchimba, wakaweka uzio.

Dieudonné hakukubali. Jumapili akanivuta tukarudi. Alisimama kwenye uzio akaita kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kizulu chake cha kuungaunga. Tulisubiri mpaka jua likaanza kushuka. Kimya, hata ndege hakuna.

Nikamuuliza, tunaita ili iweje?

Akasema, "Kama mutu iko, ajue kuko mwenye alimusikia."

Nilichojifunza: mnyama akigoma njia, usimcheke, simama nawe. Na wale kanga waliohamia mjini, siamini tena kwamba ni mkate tu.

Ila sikuleta uzi huu kwa ajili ya kanga. Wengi wanaoshuka kwa siri kusaka dhahabu kwenye migodi ile iliyofungwa ni wageni kama sisi, hawaagi mtu. Kama una ndugu alikuja Joburg, akakwambia amepata kazi "ya chini", halafu simu yake ikawa haipatikani, mtaje hapa chini, jina tu na alikotokea.

Nitasoma kila comment. Na Dieudonné nitamsomea.