Mama Mdogo Hakutoa Damu

Mgongo wazi ukikaangwa unanukia. Ukiungua, mimi natapika mpaka leo. Juzi jirani yangu hapa Kaloleni alisahau karai motoni, nikatoka mbio na mtoto mgongoni na matusi mdomoni. Acheni niwaambie kwa nini.

Mgongo wazi ni mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Minofu inachunwa kiwandani na kupanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tunabaki na kichwa na uti wa mgongo. Mama mdogo Akoth, mdogo wake mama, ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kukaanga hiyo mifupa kule mtaani Obunga, uani kwa nyumba yetu ya mabati. Mikono yake ilikuwa na madoa ya mafuta kama chui. "Baba, hii kichwa inakuangalia wewe tu," alikuwa akimwambia mteja. "Nunua kabla ikasirike!"

Vita vya uchaguzi vilipotufikia, tulijifungia ndani mpaka unga ukaisha. Mama mdogo akasema njaa haijui kura, akatoka uani kukaanga mifupa iliyobaki kabla haijaoza. Nilisikia mafuta yakichemka. Halafu mlio mmoja. Halafu mafuta yakaendelea kuchemka. Risasi ilikuwa imepita kwenye bati la ua, ikampata mama mdogo. Askari walikuwa bado hapo nje barabarani na hakuna aliyethubutu kutoka. Samaki wakaungua mpaka wakawa makaa, na sisi mle ndani tunavuta ule moshi.

Mama mdogo tulimzika kijijini kwetu, Katito. Mheshimiwa mmoja akaja na fulana za bure: mbele uso wa mama mdogo, nyuma uso wake yeye, mkubwa zaidi, na meno yote. Akajiziba pua na kitambaa, maana wanawake wa Obunga walikuja na harufu ya kazi yao. Kisha akashika kipaza sauti.

"Huyu mama ametoa damu yake kwa ajili yetu!"

Watu wakapiga makofi.

Sasa, kutoa damu mimi nilikujua. Wanafunzi wakubwa walikuwa wametoa damu shuleni kwao wakarudi na soda na biskuti. Nikamgeukia dani, bibi yangu aliyemzaa Akoth, nikauliza kwa sauti ile niliyozoea kumwitia mama mdogo wateja: "Dani, na soda yake alipewa?"

Wengine wakacheka. Mtu nyuma yangu akanifinya. "Nyamaza, wewe!"

Dani hakucheka. Alisimama na fimbo yake. "Mheshimiwa, mtoto ameuliza. Nani alimwomba Akoth hiyo damu?"

"Pole, mama, hiyo tutaongea," akasema, akarudi kwa habari za kura. Baadaye nilimwona kwenye hema akila kuku na kunyonya vidole, kimoja kimoja, na udongo wa kaburi bado mbichi.

Nilikua nikidhani niliharibu matanga. Sasa mimi ni mama, na waheshimiwa wamerudi tena milangoni na fulana mpya, wanamwita mama mdogo shujaa wetu. Ndipo naelewa dani alikuwa anauliza nini. Mama mdogo hakutoa kitu. Alikuwa anapika. Ukishasema mtu ametoa, huna haja tena ya kumtafuta aliyechukua.

Na hawajamtafuta.